Nilikunywa mbege nikiwa mjamzito, kisha nikaacha kuswali

SWALI

Assalaam alaykum shekhe. Nina miaka 24, nimezaliwa Korogwe katika nyumba ya Kiislamu. Mume wangu ni mtu wa Rombo, alisilimu mwaka mmoja kabla ya kunioa. Ni dereva, analala Arusha na kurudi mwisho wa mwezi. Mimi naishi na mama yake, ambaye ni Mkristo na anapika mbege, kile kinywaji cha ndizi na ulezi, ya kuuza. Nilipopata mimba nilikuwa natapika kila kitu. Mama akaniambia mbege si pombe, ni chakula, wao wote wamelelewa nayo tangu tumboni, akawa ananipa kata moja asubuhi na moja jioni. Nilikataa. Mume wangu akampigia simu kijana mmoja anayefundisha dini, naye akajibu kwamba mbege haitokani na zabibu, hivyo isipofikia kulewesha haina neno, tena kabla ya miezi minne mtoto hajapuliziwa roho, basi hakuna anayedhurika. Nikanywa, karibu miezi mitatu. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki, nesi akaniuliza kama natumia pombe, nikasema hapana. Lakini aliyotufundisha siku ile yameniondolea usingizi. Nikamweleza mama mmoja wa darsa letu, akasema mnywaji hapokelewi swala siku 40, na mtoto aliyekuzwa kwa pombe ana laana. Mbege nimeacha wiki ya tatu sasa, na swala nayo nimeacha, maana nitaswalije kitu kisichopokelewa? Mtoto ameanza kucheza. Akicheza nalia. Nina kafara gani, shekhe? Mwanangu ameharibika? Na shangazi wa mume amesema mtoto akizaliwa lazima aonjeshwe mbege kwa ncha ya kidole ili ukoo umtambue. Nifanyeje?

JIBU

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Maswali ya pombe huwa nayajibu kwa mistari miwili, maana Mwislamu hahitaji kuelezwa kwamba pombe ni haramu. Lako nimekaa nalo siku nne. Ndani yake wamo watu watatu waliotoa hukumu, na wote watatu wamekosea: mmoja amekuhalalishia alichokiharamisha Mwenyezi Mungu, mmoja amekufungia mlango ambao Mwenyezi Mungu ameuacha wazi, na wa tatu ni wewe mwenyewe, uliyeamua kwamba huna tena pa kusimama mbele ya Mola wako.

Nianze na la haraka. Ukimaliza kusoma haya, tawadha uswali swala ya wakati uliopo. Usisubiri kesho, wala usihesabu siku 40. Uliacha vitu viwili, binti yangu, na ulitakiwa kuacha kimoja tu.

Hadithi aliyokutajia mama yule ipo, ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Abdullah bin Umar. Lakini ameikata katikati. Baada ya kutajwa siku 40, Mtume (s.a.w.) akasema kwamba akitubia, Mwenyezi Mungu huipokea toba yake. Wewe umeacha, umejuta, unalia usiku. Hiyo ndiyo toba, sasa unakaa nje ya nyumba ambayo mlango wake umefunguliwa. Na hata kwa ambaye hajatubia, wanazuoni hawakuelewa kwamba asiswali. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha hadithi ya mwenye kumwendea mpiga ramli, ambayo nayo inasema swala yake haipokelewi siku 40, ameeleza kwamba maana yake ni kukosa thawabu zake. Faradhi yenyewe inamwondokea na hatakiwi kuirudia. Hakuna imamu hata mmoja aliyesema mnywaji akae bila kuswali. Aliyekunywa akaacha na swala amejiongezea dhambi iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza.

Swala ulizoziacha ni deni. Zikiwa ni siku 21 kamili, ni swala 105. Usitishike na hesabu. Kila ukimaliza faradhi ya wakati, ongeza moja ya deni, na siku mwili ukiwa mwepesi ongeza mbili. Mgongo ukikuuma au kizunguzungu kikikushika, swali umekaa, huo si uvivu.

Kafara uliyoulizia haipo. Kunywa pombe hakuna kafara maalumu ya kufunga wala ya kulisha masikini. Kuna toba: kuiacha, kujuta, na kuazimia usiirudie. Mawili umeshayatimiza, na la tatu nitakusaidia huko mbele, maana si rahisi kuazimia ukiwa katika nyumba ambayo pipa la mbege liko jikoni.

Sasa nije kwa kijana aliyempa mumeo fatwa kwa simu. Ninasema naye kwa ukali kidogo, kwa sababu amefungua kinywa katika jambo lenye roho mbili ndani yake.

Alisema mbege haitokani na zabibu. Ndugu yangu, hivi unadhani watu wa zama za Mtume hawakuwa na pombe za nafaka? Abu Musa al-Ash'ari, Yemeni ndiyo kwao, alipotumwa huko aliuliza kuhusu vinywaji viwili vya watu wake: kimoja cha asali na kimoja cha shayiri. Hakuulizwa kama kuna zabibu ndani. Jibu lilikuwa moja, nalo limo katika Bukhari na Muslim: "Kila kinacholevya ni haramu." Katika Sahihi Muslim tena, mtu mwingine wa Yemeni aliuliza kuhusu kinywaji cha mtama wanachokunywa nchini kwao. Mtume akamuuliza swali moja tu: "Je, kinalevya?" Akasema ndiyo. Akapewa jibu lilelile. Mbege ni ndizi mbivu zilizopikwa zikachachushwa, kimea cha ulezi, na gamba la msesewe la kuitia uchungu. Kinywaji kile cha Yemeni na mbege ni ndugu wa tumbo moja. Na Umar bin al-Khattab alisimama juu ya mimbari akataja pombe za siku ile, za zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akaweka kanuni: pombe ni kile kinachoifunika akili. Hakusema ni kile kinachotoka kwenye mti fulani.

Ninajua kijana alikolitoa neno lake. Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, ana kauli kuhusu vinywaji visivyotokana na zabibu wala tende, kwamba kiasi kisicholevya hakina hukumu ya pombe ya zabibu. Kauli hiyo ipo na mwenyewe ni bahari ya elimu. Lakini mwanafunzi wake mkubwa, Muhammad bin al-Hasan, alimkhalifu akasema kichache na kingi ni haramu, na wanazuoni wa madhehebu yake waliofuata wakaifanya kauli ya Muhammad ndiyo ya kutolea fatwa. Kwa hiyo aliyekupa ruhusa kwa jina la Hanafi amekupa kitu ambacho Wahanafi wenyewe wamekiweka kando. Malik, Shafi na Ahmad wao hawakuwa na shaka tangu mwanzo, kwa hadithi ya Jabir iliyomo katika Abu Dawud na Tirmidhi: "Kinacholevya kingi chake, kichache chake ni haramu." Kisha sisi huku tunafuata Shafi katika udhu wetu, swala zetu na mirathi zetu. Imekuwaje tukumbuke kwamba kuna madhehebu nyingine siku tu ya kutafuta kata ya mbege?

Na neno kwamba mbege ni chakula, hili pia si jipya. Daylam al-Himyari alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema: sisi tuko nchi ya baridi, tunafanya kazi ngumu, tunatengeneza kinywaji cha ngano kinachotupa nguvu ya kazi na kutukinga na baridi ya nchi yetu. Soma maneno haya ukiwa Rombo, miguuni pa mlima wenye theluji, uone kama mtu huyu hakuwa jirani yako. Mtume akamuuliza, "Kinalevya?" Akasema ndiyo. Akasema, "Kiepukeni." Alikubali kwamba baridi ipo na kazi ni ngumu, lakini hilo halikubadilisha jibu. Qur'ani yenyewe haikukana kwamba pombe ina manufaa. Imesema katika Al-Baqara, aya ya 219, kwamba mna manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Msinielewe kwamba nawasema Wachagga. Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu wapo wanaojiita Waislamu wa kizazi cha saba wanaoamka na tembo la mnazi na kusema linasafisha figo. Na mijini akina mama wanashauriana kunywa bia nyeusi ili damu iongezeke. Tariq bin Suwayd alisema anaitengeneza pombe kwa ajili ya dawa, Mtume akamjibu: "Hiyo si dawa, bali ni ugonjwa." Bia nyeusi ina rangi ya kukuza damu tu, madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno, na pombe yenyewe inauzuia mwili kuipata vizuri foliki, ile ile unayopewa kliniki ndani ya vidonge vya fefo. Kwa hiyo anayekunywa bia ili aongeze damu anajipunguzia kwa mkono wa kushoto anachojipa kwa mkono wa kulia. Kuna atakayesema mbona madaktari nao waliwahi kuwapa wajawazito pombe. Ni kweli, miaka ya 1960 na 1970 katika nchi za Magharibi pombe iliwekwa kwenye dripu ili kuzuia uchungu uliokuja kabla ya wakati. Waliiacha wenyewe. Leo mganga anayejua kazi yake hakupi.

Lililonichoma zaidi ni lile la pili la kijana huyu, kwamba kabla ya miezi minne hakuna roho, hivyo hakuna anayedhurika. Hili ni jambo la hatari, na nimelisikia likisemwa na watu wakubwa kuliko yeye.

Hadithi ya Ibn Mas'ud kuhusu kupuliziwa roho haikuja kutufundisha kwamba kabla ya hapo tumboni kuna kitu cha kuchezea. Katika hadithi nyingine iliyomo katika Muslim, ya Hudhayfa bin Asid, imekuja kwamba zikipita siku 42 malaika hutumwa, akalitia tone sura, akaliumbia masikio yake na macho yake, ngozi yake, nyama yake na mifupa yake. Nawauliza wanaosema hakuna wa kudhurika: huyu malaika yupo kazini, sisi tunamiminia nini juu ya kazi yake? Kila daktari wa wajawazito atakwambia kwamba wiki hizo za mwanzo, ambazo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba, ndizo za kuumbika moyo, uso na misingi ya ubongo.

Na pombe haibaki kwa mama. Anachokunywa kinaingia kwenye damu yake, kinapita kwenye kondo la nyuma, na baada ya muda mfupi damu ya mtoto inakuwa na pombe karibu sawa na ya mama. Mama ana ini lililokomaa la kuivunja, la mtoto bado ni changa. Tena pombe inaingia katika maji yanayomzunguka, naye anayameza, kwa hiyo inakaa naye hata baada ya mama kurudiwa na fahamu zake. Mtu mzima akilewa amechagua, lakini huyu analeweshwa akiwa amefungwa ndani ya nyumba isiyo na mlango.

Mwaka 1968 daktari wa Nantes, Ufaransa, Paul Lemoine, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaona sura ileile kwa watoto wa akina mama walevi na kuipa jina: mtoto anazaliwa mdogo na anakua taratibu, kichwa kidogo, macho yenye upenyo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji kati ya pua na mdomo umelala. Hao ndio wanaotambulika kwa macho. Walio wengi zaidi sura zao hazina alama yoyote, athari iko ndani: hatulii, anasahau alichofundishwa jana, hesabu hazishiki, anaadhibiwa kwa kosa moja na kesho analirudia kana kwamba hakuadhibiwa. Madhara haya hayana dawa ya kuyaondoa, ingawa mtoto akijulikana mapema anasaidika sana. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha kiasi kilicho salama, Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asinywe kabisa, mwezi wowote, na pombe ya aina yoyote. Tazameni: wao wamefika kwa maabara mahali ambapo hadithi ya Jabir ilitufikisha.

Nilipokuwa nafundisha madrasa, nilikuwa na mtoto wa miaka tisa ambaye alikaa na sura ya Al-Fil mwaka mzima. Asubuhi anaisoma, jioni imeondoka. Nilimchapa. Nilimwita mzembe mbele ya wenzake, akaacha kuja. Miaka baadaye bibi yake aliniambia kwamba mama yake alikunywa gongo mimba nzima. Sisemi gongo ndiyo iliyomfanya vile, sina elimu ya kukata hilo. Lakini hakuwa mzembe, na fimbo yangu ilikuwa dhuluma. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na ndiyo maana nikisikia mtu anasema "hakuna anayedhurika" siwezi kunyamaza.

Mama mkwe wako anasema wote wamelelewa nayo. Simlaumu, anasema alichokiona. Lakini kulelewa na kitu si ushahidi kwamba hakikudhuru. Huko Western Cape, Afrika Kusini, wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu kwa vizazi vingi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Walilelewa nayo kweli, na leo eneo hilo ni miongoni mwa yanayoongoza duniani kwa watoto walioathirika na pombe tumboni. Kijiji kikizoea kuona watoto watatu wa kila darasa hawashiki masomo, kinasema ndivyo watoto walivyo.

Kisha tazama jinsi Sheria yetu ilivyomtazama mtoto aliye tumboni. Saumu ya Ramadhani ni nguzo ya dini, lakini Mtume amesema Mwenyezi Mungu amemwondolea mjamzito na mnyonyeshaji wajibu wa kufunga kwa wakati huo. Mwanamke wa kabila la Ghamid alikuja kwa Mtume mwenyewe kukiri zinaa akataka atakaswe kwa adhabu, akarudishwa mpaka ajifungue, akarudishwa tena mpaka mtoto aachishwe ziwa. Adhabu iliyoamriwa na Mwenyezi Mungu ilisimama, ikamngoja mtoto ale mkate. Dini iliyosimamisha faradhi na adhabu kwa ajili ya kiumbe hiki, inawezekanaje imruhusu mtu kukinyweshea haramu kwa sababu roho haijapuliziwa? Kijana, rudi ukamwombe radhi mume uliyempa fatwa, umwambie ulikosea. Kusema "sijui" kwenye simu kusingekupunguzia kitu.

Naomba sasa nizungumze na wewe peke yako, binti yangu, kuhusu huyo anayecheza.

Mtoto wako hana laana. Hakuna katika Kitabu wala katika Sunna kwamba mtoto hulaaniwa kwa alichokunywa mama yake, na Qur'ani inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Aliyekwambia hivyo amesema bila elimu. Kuhusu afya yake, si mimi wala yeye tunayejua, na wewe pia hujui. Wapo watoto wengi ambao mama zao walikunywa na wakazaliwa bila tatizo linaloonekana. Ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa mpaka siku ya kuzaliwa na baada yake, kwa hiyo kila siku uliyokaa bila mbege katika wiki hizi tatu umempa kitu. Wewe unadhani umechelewa. Madaktari watakwambia kwamba kuacha mwezi wowote kuna faida, nami nakwambia kwamba Aliyesema "msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu" hakuweka mwezi wa mwisho.

Hata hivyo kuna dhambi moja ndogo bado iko mkononi mwako, nayo ni ule uongo wa kliniki. Ninaelewa ulivyotahayari, una ushungi kichwani na nesi anakuuliza habari za pombe mbele ya foleni. Siku ya mahudhurio yajayo, omba uongee naye pembeni, umwambie: nilikunywa mbege, kata mbili kwa siku, kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani, sasa nimeacha. Hilo si kutangaza dhambi. Kutangaza dhambi ni kujisifu nayo au kuisimulia bila haja, na kumweleza mtabibu ni haja. Akijua, atafuatilia uzito na ukuaji wa mtoto kwa jicho jingine, na akizaliwa watajua cha kuangalia. Fefo unywe kila siku, na chai uisogeze mbali na chakula kwa sababu inazuia chuma. Kama kichefuchefu bado kinakusumbua, mwambie pia. Ziko dawa zilizo salama kwa mjamzito, hukuwa na sababu ya kupewa mbege kwa ajili ya kutapika.

Na kama anayesoma haya ni mwanamke ambaye amezama, anayetetemeka mikono asubuhi asipoionja, basi huyo nisimwambie aache leo peke yake chumbani. Aende hospitali leo. Aliyezoea pombe nyingi akikata ghafla anaweza kupata degedege, na hapo yeye na mtoto wote wako hatarini. Kutibiwa ili uache ni sehemu ya toba yako.

Mama mkwe wako usimfanye adui. Katika Luqman, Mwenyezi Mungu ametuambia kuhusu wazazi wanaotusukuma kwenye shirki yenyewe: tusiwatii, na tukae nao duniani kwa wema. Huyu hakukusukuma kwenye shirki. Aliona mkwe anatapika, akampa alichoona ni bora nyumbani kwake. Mwambie, "Mama, nesi amenikataza mpaka nijifungue na nimalize kunyonyesha, na dini yangu imenikataza daima. Lakini ulezi wako naupenda." Ulezi ule ule anaoumea kwa ajili ya mbege, akusagie uji. Akupikie mtori, hakuna atakayekushinda kwa mtori wa Rombo. Togwa pia inafaa ikiwa mbichi ya siku ileile, maana Mtume mwenyewe alirowekewa tende asubuhi akanywa jioni. Ikianza kutoa povu iache. Abu Hurayra alimpelekea kinywaji katika kibuyu kikiwa kinachemka kwa uchachu, akaambiwa akipige ukutani. Ukijifungua watakuletea vyakula vya wazazi, basi uliza kilichomo: supu na maziwa pokea, ila mlaso na kisusio vina damu, navyo sisi hatuli. Na wakikwambia mbege inaleta maziwa, waambie utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1991 ulionyesha kinyume: mama akiwa amekunywa pombe, mtoto ananyonya maziwa machache zaidi.

Neno la mwisho nina la mumeo, mpe simu asome mwenyewe. Bwana, umesilimu juzi na umeuliza kabla ya kutenda, hilo linakuhesabiwa kheri. Uliyemuuliza ndiye aliyekuangusha. Lakini mzigo huu ulimwachia mkeo peke yake. Yeye ni mgeni katika nyumba ya mama yako, kijiji si chake na lugha ya ukoo si yake, tena tumbo linampa shida, na wewe ukampigia simu kutoka Arusha kumwambia mtii mama. Hakuna utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Aliyekuwa na haki ya kusema na mama yako ni wewe, mwanawe, kwa sauti ya chini na kwa heshima, ukiwa umekaa naye. Omba ruhusa ya siku tatu, nenda. Kama mama hawezi kuacha kupika kwa sababu ndiyo riziki yake, mpangie mkeo chumba mjini au umpeleke kwao Korogwe akajifungulie huko. Katika Al-Baqara, aya ya 233, mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe. Gharama ya chumba ni yako.

Na kidole cha shangazi ukizuie wewe, na si mkeo. Usimwambie shangazi tu kwamba hapana, kwa maana anachotaka ni mtoto atambulike, na kutambuliwa ni jambo jema. Asma binti Abu Bakr alihama kutoka Makka akiwa na mimba iliyofika mwisho, akajifungulia Quba. Akamchukua mwanawe, Abdullah bin Zubayr, akamweka mapajani kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akaomba tende, akaitafuna, akaitia kinywani mwa mtoto, akamwombea baraka. Nunua tende sokoni Moshi kabla ya mwezi wa tisa, uziweke. Siku hiyo umwite shangazi akae karibu, amshike mtoto mwenyewe, wewe uilainishe tende na umpake kidogo tu kwenye kaakaa, kisha umtaje jina lake na la babu yake wa Rombo mbele ya ukoo wote.